Hesabu na Wahesabuji katika Nchi ya Rufiji

Cheo cha "mwanasayansi wa data" ni kichanga mno. Kilianza kutumika kama jina la kazi huko California katika mwaka 2008, katika kampuni zilizokuwa zimekusanya habari za mamilioni ya watu zikawa hazijui namna ya kuzisoma. Leo vijana wa Dar es Salaam waliohitimu hisabati na takwimu wakitamani cheo hicho, na kampuni kubwa za ushauri huwaajiri baadhi yao. Kijana wa namna hiyo hukaa mbele ya kompyuta, huletewa majedwali yaliyokwisha kukusanywa na watu asiowaona, huyasafisha, huyapima, kisha humwandikia mwenye kulipa waraka wa kumwambia la kufanya. Ni kazi ya heshima na ya malipo mazuri, na wazee wengi waonao watoto wao wakiondoka nyumbani asubuhi na kompyuta begani hawajui hasa waenda kufanya nini.

Mwanachuo apendaye kuijua asili ya kazi hiyo katika Tanzania hana haja ya kwenda California. Apande basi liendalo kusini, apite Mkuranga, ashuke Kibiti. Jirani na mji huo ni kata ya Mtawanya, nchi ya minazi na mikorosho, kaskazini ya Mto Rufiji, katika wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Jina la mahali hapo, kwa sikio la Kiswahili, lamwambia mtu habari za kutawanya. Kama ni sadfa au si sadfa, wajuzi wa majina wataamua. Lakini lafaa, maana historia ya nchi hii kwa kiasi kikubwa ni historia ya watu kutawanyika na ya serikali kuwakusanya ili wapate kuhesabika.

Hesabu ya kwanza ya kiserikali haikuwa ya watu bali ya vibanda. Wadachi walianza kutoza kodi ya kibanda katika mwaka 1898, na hapana kodi pasipo daftari. Msomaji hana haja ya kukumbushwa kwa urefu yaliyofuata: kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kazi ya bure, kisha mwaka 1905 mganga Kinjikitile wa Ngarambe na moto wa Maji Maji ulioanzia milima ya Matumbi, kusini ya mto. Kitu kimoja tu chapasa kutiwa maanani hapa. Mtu aliyeingia kijijini na kalamu, akauliza nyumba ni ngapi na wakaao ni nani, aliingia kwa niaba ya mtozaji. Dhana hiyo haikufa upesi. Waingereza walipofanya sensa zao za mwaka 1948 na 1957, na Tanzania huru ilipofanya yake ya kwanza mwaka 1967, makarani walilazimika kutumia muda mrefu wakieleza kwamba hawakuja kwa ajili ya kodi.

Sensa, hata ikiwa safi, ina upungufu wake. Huwaambia watawala ni watu wangapi wako hai usiku mmoja maalumu, kisha hunyamaza miaka kumi. Aliyezaliwa baada ya sensa moja akafa kabla ya sensa nyingine hakuwahi kuwako katika kitabu chochote cha serikali. Katika nchi ambayo wengi wa wafao ni watoto wa chini ya miaka mitano, huo si upungufu mdogo: ndio hasa wanaohitaji kuonekana, nao ndio wasioonekana.

Rufiji ilikuwa na tatizo jingine la peke yake. Mto hufurika, na mafuriko ndiyo yaleteayo bonde rutuba. Kwa ajili hiyo watu walikaa bondeni, karibu na mashamba yao ya mpunga na mahindi. Katika mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa kupita kiasi, na baada yake serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji: watu wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya nchi ya juu, karibu na barabara, shule na zahanati. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuhamisha watu vijijini katika Tanzania. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Basi kila msimu wa kilimo ulipofika jamaa nzima, au nusu yake, ilirudi bondeni ikakaa katika madungu, yale makao yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ikilinda mazao na ndege na nguruwe, hata mavuno. Kaya moja ikawa na milango miwili. Mwenye daftari akibisha mlango wa kijijini katika msimu huo humkuta bibi na mjukuu tu, akiandika watu wawili atakuwa amekosea, akiandika wanane kwa kusikia tu atakuwa amekosea pia.

Yafaa sasa kuziacha nyumba za Rufiji kidogo, kutazama upande wa pili wa habari hii, yaani kampuni za ushauri. Nyingi katika hizo zina asili ya uhasibu. James O. McKinsey alikuwa mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, akaanzisha kampuni yake mwaka 1926 kwa wazo kwamba vitabu vya hesabu haviandikwi kwa ajili ya kujua yaliyopita tu, bali kwa ajili ya kuamua yajayo. Wazo hilo, lililo jepesi kulitamka, ndilo shina la kazi yote inayofanywa na wanasayansi wa data leo. Miaka 46 baadaye kampuni yenye jina lake ilikuwa Dar es Salaam, ikiisaidia serikali ya Mwalimu Nyerere kupanga mfumo uliotangazwa mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani. Wageni wa leo hustaajabu wakisikia kwamba nchi ya Azimio la Arusha iliwaajiri washauri wa mabepari. Lakini serikali iliyotaka mipango ilitaka wenye ujuzi wa mipango, na ujuzi huo ulikuwa ukiuzwa Marekani na Uingereza.

Mfumo ule ulipeleka maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani, na hapo hapo halmashauri za wilaya zikavunjwa. Madaraka yalikwenda karibu na watu, lakini wenye kuyashika walikuwa wakiangalia Dar es Salaam. Kwa miaka kumi na zaidi wilaya kama Rufiji haikuwa na chombo chake yenyewe cha kuchaguliwa cha kuamua fedha zake zitumike katika nini. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha serikali za mitaa, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katika mwaka huo huo Nyerere alipohojiwa alisema kwamba, kama angepewa nafasi ya kuanza upya, yako mambo asiyoyafanya. Na kuvunja serikali za mitaa lilikuwa mojawapo, pamoja na kuvunja vyama vya ushirika. Si haki kuwatwisha washauri peke yao kosa ambalo Rais mwenyewe alilikiri kuwa lake. Hata hivyo, jambo moja lajionyesha: ushauri ulitolewa juu ya muundo, ukapimwa kwa mantiki ya muundo, wala hapakuwa na kipimo kilichokuwa kikisubiri huko wilayani cha kuonyesha baada ya mwaka mmoja au miwili kama watu wanahudumiwa vizuri zaidi au vibaya zaidi.

Na mto wenyewe haukukosa washauri. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapa taarifa yake ya bonde la Rufiji mwaka 1961, kazi ya majuzuu kadhaa. Mwaka 1975 Bunge likaunda mamlaka ya kuliendeleza bonde hilo, RUBADA. Hafslund, kampuni ya Norwe, ikatoa mwaka 1980 mpango wa bwawa la umeme na la kuzuia mafuriko katika korongo la Stiegler. Bwawa halikujengwa wakati huo; ujenzi wa lile liitwalo Julius Nyerere ulianza mwaka 2019, na umeme wa kwanza ukatoka mwaka 2024, mwaka ule ule ambao katika Aprili maji yaligharikisha mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Vitabu vile vya washauri ni vya thamani kwa mchunguzi hata leo. Lakini viliandikwa kwa ajili ya mto. Mwenye kutaka kujua ni watoto wangapi waliokufa katika vijiji vya Kibiti, na kwa maradhi gani, atafunga kitabu cha mwisho bila jibu.

Jibu lilianza kutafutwa kwa sababu ya ubishi. Katika mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa taarifa yake ya mwaka juu ya afya, ikidai kwamba nchi maskini zingeweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo kama zingechagua matibabu yao kwa kufuata uzito wa maradhi, yaani kwa kuhesabu ni kitu gani kinachoondoa miaka mingi zaidi ya uhai wa watu. Dai hilo lilitolewa kwa hesabu za mezani. Kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, IDRC, pamoja na Wizara ya Afya ya Tanzania, wakaona kwamba dai sharti lijaribiwe mahali halisi. Ukaundwa mradi ulioitwa kwa kifupi TEHIP, na kazi ikaanza mnamo mwaka 1997 katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Miongoni mwa walioiongoza na kuandika habari zake baadaye walikuwa Don de Savigny, Harun Kasale, Conrad Mbuya na Graham Reid.

Morogoro Vijijini ilikuwa na kumbukumbu za vifo zilizoanza mwaka 1992 kwa mradi mwingine. Rufiji haikuwa na kitu. Yalikuwako madaftari ya zahanati na hospitali, lakini daftari la zahanati humwandika aliyefika. Afiaye nyumbani haandikwi, na wengi walikuwa wakifia nyumbani. Basi mwishoni mwa mwaka 1998 ukaanza uandikishaji wa kila nyumba katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800, kaskazini ya mto, lenye watu wapatao 85,000: Bungu, Kibiti na vijiji vyake, hata Ikwiriri, ambako ndiko kulikowekwa kituo. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa kituo, baadaye ikaendelea na kazi hiyo.

Hapa ndipo habari inapostahili kusimuliwa polepole, maana ndipo palipo na kazi ambayo majedwali huificha. Kila nyumba ilipewa namba yake, na kila mtu ndani ya nyumba akapewa namba ambayo haitapewa mtu mwingine hata akifa. Baada ya hapo wadodosaji, ambao walikuwa vijana wa huko huko, waliirudia kila nyumba mara moja katika kila miezi minne. Waliuliza mambo machache, tena yale yale: nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehamia, nani ameondoka, nani ameoa au kuolewa. Katika kila kijiji walikuwako pia wenyeji waliopewa kazi ya kutoa habari za uzazi na msiba mara zinapotokea, kwa kuwa ziara ya kila miezi minne huweza kumkosa kabisa mtoto aliyezaliwa na kufa katikati ya ziara mbili.

Na ile kaya yenye milango miwili? Iliwekwa kanuni: mkazi ni yule aliyekaa katika eneo muda wa miezi minne iliyotangulia. Kanuni yoyote ya namna hii ina ukatili kidogo, kwa kuwa maisha hayakugawanyika kwa miezi minne minne. Lakini bila kanuni, mtu mmoja angeandikwa kijijini na bondeni, akahesabiwa wawili, na kifo chake kikawa cha mtu mmoja; hivyo nusu ya watu wake wangeonekana kuishi milele. Anayefanya kazi ya data katika ofisi yenye kipozahewa aijua vema balaa hiyo, ila huikuta imekwisha vaa mavazi ya tarakimu. Mdodosaji wa Rufiji aliikuta ikiwa na jembe begani njiani kwenda bondeni.

Karatasi zilipofika kituoni ziliingizwa katika kompyuta, katika mfumo uliobuniwa kwanza kwa ajili ya kazi kama hiyo huko Navrongo, kaskazini mwa Ghana. Mfumo huo ulikuwa mkali. Haukukubali mtu afe kabla ya kuzaliwa, wala aliyekwisha hama ajifungue nyumbani alikohama, wala mama awe mdogo kwa mwanawe. Kila kosa lilikataliwa, na karatasi ikarudishwa kwa aliyeijaza, naye akarudi kwa baiskeli mpaka nyumba ile ile kuuliza tena. Wenye kuisifu sayansi ya data husema kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kusafisha. Ni kweli, ila usafishaji wa namna hii haufanyiki kwa kubonyeza.

Kazi nzito kupita zote ilikuwa ya kuuliza sababu ya kifo. Mahali ambapo hapana daktari wa kuandika cheti, njia iliyobaki ni kumhoji aliyemuuguza marehemu. Mdodosaji aliyefunzwa husubiri mpaka siku za matanga zimepita, kisha huja na dodoso lenye maswali mengi: homa ilianza lini, mtoto alipumua vipi, alitapika, alikakamaa, alipelekwa wapi kwanza na wapi baadaye. Maelezo hayo husomwa na madaktari wasiomjua marehemu, kila mmoja peke yake, nao hutaja sababu. Wakihitilafiana hutafutwa mwingine. Ni njia isiyo kamili, na wataalamu hawajaacha kubishana juu yake. Mwenye kuihukumu na akumbuke kwamba badala yake hapakuwa na njia kamili, bali kimya. Na akumbuke pia kwamba mama aliyeulizwa aliketi akajibu maswali yale kwa saa nzima, juu ya mtoto aliyezikwa majuma machache nyuma, pasipo faida yoyote kwake mwenyewe.

Miaka ya uhai iliyopotea ikahesabiwa, kwa kila maradhi sehemu yake. Kisha ikafanywa hesabu ya pili, ambayo hakuna aliyewahi kuifanya wilayani: fedha za afya za halmashauri zilikuwa zikienda kwa maradhi gani. Hesabu mbili zilipowekwa ubavu kwa ubavu katika Morogoro, zilitofautiana kama mbingu na nchi. Malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5. Maradhi ya utotoni kwa jumla yake yalikuwa na asilimia 28, yakapewa 13. Kifua kikuu, ambacho hakikufika asilimia 4, kilikuwa na asilimia 22 ya fedha. Hapana aliyeiba. Fedha zilifuata nyayo za mwaka uliotangulia, na nyayo za mwaka uliotangulia zilifuata mapenzi ya wafadhili.

Wataalamu wangeweza hapo kuandika waraka mnene, wakaupeleka Dar es Salaam, wakalipwa. Walilolifanya ndilo linaloitofautisha habari hii na zile zilizotangulia. Waliyageuza majedwali kuwa picha za milia, mrefu na mfupi, kwa kufuata matibabu ambayo wilaya ingeweza kuyanunua, wala si kwa kufuata majina ya maradhi ambayo daktari peke yake ayajua. Picha hizo wakawakabidhi wakuu wa afya wa wilaya, pamoja na kifaa kidogo cha kompyuta cha kujifanyia hesabu ya bajeti wenyewe. Mwenye kuamua akawa ni mganga mkuu wa wilaya na wenzake, mbele ya halmashauri ile ambayo miaka ya nyuma ilikuwa imefutwa. Mradi ulikuwa tayari kuongeza dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Ilionekana kwamba wilaya hazikuweza kutumia kwa manufaa zaidi ya senti 80 hivi. Kwa senti hizo wakanunua dawa, wakawafunza waganga wa zahanati utaratibu mpya wa kumchunguza mtoto mgonjwa mwili mzima badala ya ugonjwa mmoja, wakahimiza vyandarua vyenye dawa, wakaweka redio za mawasiliano na pikipiki ili zahanati ya mbali isikae miezi bila kuonekana na msimamizi.

Katika Rufiji, watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwaka walikuwa 100 katika kila 1,000 waliozaliwa katika mwaka 1999. Mwaka 2000 wakawa 72. Wa chini ya miaka mitano walishuka kutoka 140 hadi 120. Magazeti ya Ulaya yakaandika kwa furaha. Baadaye ikasemwa kwamba katika wilaya zile mbili vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano hivi, na tarakimu hiyo ikasafiri duniani katika mikutano na vitabu.

Mwenye hesabu mwaminifu hapaswi kusimama hapo. Je, vifo vilipungua kwa sababu ya mradi, au vilikuwa vikipungua kila mahali? Joanna Armstrong Schellenberg na wenzake waliilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambako utaratibu mpya wa kutibu watoto ulikuwa haujaanza. Katika taarifa yao ya mwaka 2004 walikuta kwamba vifo vya watoto katika wilaya za utaratibu mpya vilikuwa chini kwa asilimia 13. Si 40. Tena hawakuificha mashaka yao: kwa dhana moja ya hesabu, ukweli ungeweza kuwa popote kati ya kupungua kwa asilimia 30 na kuongezeka kwa asilimia 7; kwa dhana nyingine, kati ya kupungua kwa 5 na 21. Mwaka 2008 Honorati Masanja, mtakwimu wa Kitanzania, pamoja na wenzake, wakaonyesha kwamba katika nchi nzima vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 24 kati ya mwaka 2000 na 2004. Tanzania yote ilikuwa ikisogea. Rufiji ilikuwa ikisogea pamoja nayo, yamkini mbele kidogo.

Kwa mfanya biashara ya ushauri, asilimia 13 yenye mashaka ni bidhaa mbaya kuliko asilimia 40 isiyo na mashaka. Ndiyo maana hii ya pili yatajwa zaidi. Lakini mwanafunzi wa historia na aitazame kwa makini ile ya kwanza, kwa sababu isingeweza kupatikana kama mtu hakwenda pia Kilombero na Ulanga kuhesabu vifo ambavyo mradi haukuwa na sifa yoyote ya kuvipata.

Lipo tunda jingine la daftari lile, na pengine ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa miaka mingi ilisemwa, na waganga wa hospitali walisema, na vitabu vikasema, kwamba watoto wa pwani wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi huwapeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji. Hoja ilisimama juu ya degedege. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wazee walisema ni ndege au ni shetani, na sindano ingemwua. Basi hupelekwa kwa mwenye dawa za majani na moshi. Imani hiyo ilikuwako, hapana wa kuikana. Swali ni kama ndiyo iliyoua.

De Savigny na wenzake walichukua maelezo ya wafiwa wa Rufiji juu ya vifo vya malaria, wakafuata safari ya kila mgonjwa tangu homa ya kwanza. Katika taarifa yao ya mwaka 2004 ilionekana kwamba karibu asilimia 79 ya waliokufa kwa malaria walikuwa wametafuta kwanza matibabu ya kisasa. Waliokwenda kwanza kwa mganga wa kienyeji walikuwa asilimia 9. Maana yake ni nzito. Wazazi wale waliokuwa wakilaumiwa walikuwa wamefanya lile walilohimizwa kulifanya. Walifika, na mtoto akafa. Yapasa basi kuuliza walipofika walikuta nini. Na katika miaka ile dawa iliyokuwa ikitolewa kwanza ilikuwa klorokwini, ambayo Tanzania iliiacha katika mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimekwisha izoea. Lawama ya miaka mingi iliyowekwa mlangoni pa mama wa Kibiti ilipaswa kuhamishwa, na kilichoihamisha hakikuwa hotuba bali hesabu, tena hesabu iliyotokana na majibu ya mama huyo mwenyewe.

Yaliyofuata yaweza kusemwa kwa ufupi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na Rufiji ikaacha kuwa mwisho wa njia. TEHIP ilifungwa, lakini ziara za kila miezi minne ziliendelea miaka mingi baadaye, na idadi ya walioandikwa ikapita 100,000. Tangu mwaka 2011 daftari lilitumika kupima mpango mwingine, wa kuwalipa vijana wa vijijini wawatibu watoto majumbani, katika vijiji 101 vya Rufiji, Kilombero na Ulanga. Matumaini yalikuwa makubwa. Hesabu ilipofungwa, vifo vya watoto kwa jumla havikuonekana kupungua kwa sababu ya mpango huo. Matokeo ya namna hiyo hayasafiri sana duniani, ila yalichapwa, na waliyoyachapa wanastahili shukrani sawa na wale wa habari njema.

Majina ya wataalamu yamo katika majarida. Majina ya wadodosaji, makarani wa kituo na wale wenyeji waliokuwa wakitoa habari za msiba, kwa kawaida yamo katika sentensi moja ya shukrani mwishoni, tena bila majina. Kadhalika majina ya waliohesabiwa. Mtoto aliyezaliwa katika vijiji hivi mwaka 1999, aliyepata namba yake kabla hajajua kusema, leo ni mtu mzima wa miaka zaidi ya ishirini na mitano. Yamkini amesoma takwimu. Yamkini ameajiriwa na kampuni ya ushauri Dar es Salaam, na asubuhi moja ameletewa jedwali la Rufiji alisafishe. Katika mojawapo ya mistari ile yumo yeye, na katika mingine wamo ndugu zake ambao hawakufikia miaka mitano. Hatawatambua, maana majina yameondolewa.